Mkatekumeni Sokoni: Kipimo cha Haki na Ujirani Mwema



Mmekwisha kujifunza amri ya saba, ambayo yatukataza kuiba mali ya mwenzetu. Wengi wakiisikia husema mioyoni mwao: “Mimi si mwizi. Sijavunja nyumba ya mtu, wala sijachukua mbuzi wa jirani.” Ni vema. Lakini amri hiyo haikomi mlangoni mwa nyumba ya jirani. Yatufuata mpaka sokoni, mpaka shambani, mpaka kwenye mizani ya mnunuzi wa dhahabu. Katika somo hili tutazame jambo moja tu: mtu anayejiandaa kwa Ubatizo humshuhudia Kristu kwa kipimo chake kabla ya kumshuhudia kwa maneno yake.

1. Wizi usio na kelele

Fikirini siku ya soko katika vijiji vyetu vya pande za Lusangi. Huyu ameleta mpunga, yule mihogo, mwingine karanga au mafuta ya mawese. Kuna aliyesukuma baiskeli yenye mizigo safari ya siku nzima. Mchele hupimwa kwa kopo. Basi, mchuuzi mmoja amegonga kitako cha kopo lake kikaingia ndani. Kwa nje kopo ni lile lile. Kwa ndani limepungua. Mwingine ametia maji katika mafuta. Mwingine amelowesha mpunga ili uwe mzito. Mwingine ameweka karanga nzuri juu na mbovu chini.

Hakuna aliyepiga kelele ya mwizi. Hata hivyo tufanye hesabu. Ukimpunguzia mnunuzi sehemu 1 ya 10 katika kila kopo, akinunua makopo 10 amepoteza kopo zima. Naye ni nani? Labda ni mjane mwenye watoto. Jioni ile sufuria yake haitajaa, wala hatajua sababu. Lakini Mungu anaijua.

Tena kuna wizi wa mishahara. Mtu ameita vijana walime shamba lake, kisha huwaambia kila siku: “Njooni kesho.” Eklezya tangu zamani huhesabu dhambi ya kumnyima mtenda kazi mshahara wake kati ya dhambi zinazolia mpaka mbinguni. Na Papa Leo wa 13, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanya kazi, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi: yapasa mshahara umtoshe mtenda kazi mwema kuishi. Basi asiseme tajiri, “Alikubali mwenyewe,” kama alimkubalisha kwa sababu ya njaa yake.

2. Mungu apenda mizani ya haki

Zamani nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara wa Israeli. Watu wale walingoja kwa uchungu siku ya Bwana ipite, wapate kufungua ghala, kupunguza kipimo na kuongeza bei. Walisali, ndiyo, lakini mioyo yao ilikuwa dukani. Mungu aliwaambia kwamba hatasahau matendo yao.

Tusidhani kwamba neno hili ni letu Wakristu peke yetu. Katika Kasongo na Kabambare twakaa pamoja na ndugu Waislamu, nao ni wengi. Kitabu chao, Kurani, kina sura nzima, ya 83, iitwayo kwa jina la watu wanaopunguza vipimo, na inawakemea vikali. Basi mkatekumeni akimdanganya Mwislamu sokoni, amemkwaza mara mbili: amemnyang’anya mali, tena amemfanya aidharau imani ya Kristu. Bali akimpimia vema, wote wawili wamemheshimu Mungu, na njia ya urafiki imefunguka.

Historia ya nchi yetu nayo yatuonya. Huko Nyangwe, kando ya mto Lualaba, kulikuwa na soko kubwa sana, na wengi wa wachuuzi walikuwa wanawake. Walifika kwa mitumbwi, wenye samaki, vyungu na vyakula, kwa maana siku ya soko ilikuwa siku ya amani. Lakini tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanya biashara wenye bunduki waliwapiga risasi sokoni, wakafa mamia. David Livingstone alikuwapo, akayaandika aliyoyaona. Katika miaka ile watu wenyewe walikuwa wamefanywa bidhaa, wakauzwa pamoja na pembe za tembo. Hapo ndipo biashara isiyomwogopa Mungu huishia: huanza kwa kupunguza kipimo cha nafaka, na mwisho humpima mwanadamu kana kwamba ni mzigo.

3. Kijana aliyekataa

Labda mwasema: “Maneno hayo ni mazuri, lakini nani awezaye kuyashika katika nchi yetu, ambako kila mlango hufunguliwa kwa rushwa?” Jibu tunalo, nalo limetoka katika Kongo yetu ya mashariki.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akawa mmoja wa jumuiya ya Sant’Egidio, akatumia nafasi zake kuwasaidia watoto wa barabarani. Kisha alipata kazi katika ofisi ya Serikali inayokagua ubora wa bidhaa mpakani. Huko uliletwa mchele ulioharibika, usiofaa kuliwa. Wenye mzigo walimpa fedha ili aupitishe. Alikataa. Waliongeza fedha, wakamtisha, akakataa tena. Alijua kwamba mchele ule ungeliwa na maskini, na kwamba angewadhuru watu asiowajua ili mfuko wake ujae. Katika Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Eklezya iliyapima maisha yake na kifo chake, ikatambua kwamba alikufa shahidi wa imani. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo mjini Roma, alitangazwa kuwa Mwenye heri. Angalieni vema: hakuuawa akihubiri juu ya mimbari. Aliuawa kwa sababu ya kazi yake ya kila siku, mbele ya magunia ya mchele. Kumbe utakatifu hukaa hata pale!

4. Aliyeiba arudishe

Mtu akisikia hayo husema: “Nimetubu, sitafanya tena.” Ni mwanzo mzuri, lakini hautoshi. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, alipompokea Yezu nyumbani mwake hakusema tu kwamba anasikitika. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu. Hapo Bwana akatangaza kwamba wokovu umeingia katika nyumba ile.

Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Mapadri Weupe mwaka 1868, alitaka wanaojiandaa kwa Ubatizo wajaribiwe miaka 4. Kwa nini muda mrefu hivyo? Maneno ya sala mtu huweza kuyashika upesi. Bali kubadili mwenendo kwahitaji siku nyingi. Basi tumieni muda huu kusafisha biashara zenu. Kopo lenye kitako kilichoingia, litupeni. Deni la zamani, lilipeni. Msingoje mkesha wa Pasaka.

5. Kazi ya jumuiya

Mtu mmoja pekee huchoka upesi. Kwa hiyo maaskofu wa Kongo, katika mkutano wao wa mwaka 1961, walichagua kujenga jumuiya ndogo zilizo hai. Nazo katika mashariki ya nchi twaziita shirika. Shirika si la kusali tu. Yafaa liwatembelee wagonjwa wa mtaa bila kuuliza dini yao. Yafaa liwapatanishe wenye ugomvi wa mashamba na madeni. Ikiwa lina likelemba, yaani kuchangiana fedha kwa zamu, hesabu iandikwe katika daftari na isomwe mbele ya wote. Kwa maana fedha isiyoandikwa huzaa masengenyo. Tena Wakristu wapatane wasifiche mpunga wakati wa njaa kusudi wauuze kwa bei ya kumkaba jirani.

Maswali na majibu

Swali: Kutafuta faida ni dhambi?
Jibu: Hapana. Mchuuzi ametembea, amechoka, ametumia mali yake. Ana haki ya faida ya kadiri. Dhambi ni kudanganya, au kutumia shida ya mwenzako ili kumnyonya.

Swali: Kama wote hupunguza kipimo, na mimi nikikijaza nitapata hasara?
Jibu: Labda mwanzoni. Lakini wanunuzi huwajua wachuuzi wao, nao humrudia asiyewadanganya. Hata kama hasara ikikaa, ni afadhali kupoteza fedha kuliko kupoteza neema ya Mungu.

Swali: Nifanye nini nisipoweza kurudisha yote mara moja?
Jibu: Anza na kidogo, ukaendelee mpaka mwisho. Mwenye mali akiwa amekufa, warudishie warithi wake. Usipomjua mwenyewe, wape maskini.

Swali: Nikipewa rushwa nifanye nini?
Jibu: Kataa kwa upole, bila matusi. Mwombe Katekista au Padri shauri, na usikae peke yako na hofu yako.

Azimio la juma hili: Kila mmoja atazame kopo lake, chupa yake ya mafuta, mizani yake na daftari yake ya madeni. Penye kosa, atengeneze kabla ya siku ya soko ijayo.

Tusali: Ee Mungu, wewe wapima mioyo yetu kwa haki na huruma. Tupe mikono isiyopunguza na macho yasiyotamani cha mwenzetu. Uwabariki jirani zetu wote, wanaosali pamoja nasi na wanaosali mahali pengine. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.