Nyuki wametua mwembeni: wachomwe?

Swali: Msomaji wa Ifakara anauliza kama achome moto kundi la nyuki lililotua kwenye mwembe wake.

Jibu: Asichome. Kundi linaloning'inia tawini liko safarini, na mara nyingi huondoka lenyewe ndani ya siku chache. Watoto na mbuzi wakae mbali, wala nyuki wasipondwe: harufu ya mwiba huwaita wenzao.

Wakijenga masega darini, aitwe mfugaji wa nyuki awahamishie mzingani.

Bonde la Kilombero, Ifakara ilipo, linawahitaji nyuki. Mpunga hujichavusha, lakini matikiti na maboga humngoja mdudu. Anayepulizia dawa asubiri jioni, nyuki wakisharudi. Kando ya milima ya Udzungwa, wakulima pia wametundika mizinga kwenye waya kuzuia tembo wasiingie mashambani. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka na tembo, pamoja na ukubwa wote ule, mara nyingi hugeuza njia.