SOMO: Ni Chupa Zipi Zinarudi Kiwandani?

Katika toleo hili tunajifunza kuhusu chupa. Kabla usharika haujaanzisha mradi wa kukusanya vioo, ni vema kujua kazi yenyewe ilivyo.

Kioo hutengenezwa kwa mchanga, chokaa na magadi, ndugu wa yale tunayopikia maharage. Huyeyushwa katika tanuru kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi za Sentigredi. Vigae vya chupa kuukuu huyeyuka kwa urahisi zaidi: kila asilimia 10 ya vigae inayoongezwa hupunguza nishati kwa karibu asilimia 3. Tena kioo hakichakai. Chupa ya leo yaweza kuyeyushwa mara nyingi na kubaki na ubora ule ule. Nchini kwetu, kiwanda cha chupa ni Kioo Limited cha Dar es Salaam.

Zinazofaa ni chupa za soda, bia, mvinyo na jemu. Zitenganishwe kwa rangi, yaani nyeupe, kahawia na kijani, maana kahawia kidogo tu huharibu nyeupe. Vizibo viondolewe.

Visichanganywe vikombe vya kauri, bakuli za kioo za kuhimili moto, vioo vya kujitazamia, vya madirisha na vya magari, wala balbu. Kipande cha kauri hakiyeyuki pamoja na chupa. Hubaki kama punje ya jiwe ndani ya chupa mpya, na hapo ndipo hupasukia. Taa za mrija zina zebaki, hivyo zisivunjwe. Chupa za dawa ya kuogeshea mifugo zisiingie kabisa katika mradi, na zisiwekwe asali wala mafuta ya alizeti hata zikioshwa mara kumi. Vichupa vya sindano ni kazi ya zahanati.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo wafadhili huuliza kwanza. Chupa ya bia ya nusu lita haizidi gramu 400 hivi, kwa hiyo tani moja yahitaji chupa zaidi ya 2,500. Kutoka Katesh hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700, na Mbulu ni mbali zaidi. Nauli ya lori yaweza kumeza bei yote ya mzigo. Kwa maoni yangu, chupa za kreti zirudishwe dukani, kwani huoshwa na kujazwa tena mara 20 au zaidi bila kuyeyushwa. Zile zisizo na kreti zikusanywe sehemu moja, mbali na watoto na mifugo, hadi sharika kadhaa zipate mzigo wa pamoja.

Kamati inayotaka kuleta ombi ianze kwa kuhesabu chupa za mwezi mmoja, kila rangi peke yake, na kuuliza bei ya kiwandani pamoja na nauli. Ombi lisilo na tarakimu hizo tutalirudisha.