Kompyuta Mpakato Inapokataa Kubofya: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuvuka kwenda Nyamisati



Asubuhi moja katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani alinijia na kompyuta mpakato aliyoifunga ndani ya kanga. Fomu ya maombi ya mkopo wa kikundi ilikuwa imekwisha kujazwa, ikabaki kubofya kitufe cha kutuma. Mshale ulitembea vizuri juu ya skrini, lakini kila alipogusa ili kubofya, hapakutokea kitu. "Mwanangu, hii imekufa," aliniambia. "Tumeshauriwa tuipeleke Dar es Salaam."

Kwa mkazi wa Mafia ushauri huo una gharama kubwa. Kutoka Kilindoni atapanda kivuko au boti hadi Nyamisati, kisha gari hadi Dar es Salaam, atafute pa kulala, na yote hayo ni kabla fundi hajataja bei yake. Wakati huo siku ya mwisho ya maombi haimsubiri. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu) huombwa kwa njia ya mfumo wa kielektroniki. Zabuni za umma nazo zimehamia katika mfumo wa NeST tangu mwaka 2023, na wanafunzi huomba mikopo ya elimu ya juu kwa njia hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo tumeona vema makala hii ieleze kwa utaratibu namna ya kukagua kibao cha kugusa, ambacho mafundi wengi hukiita tachipadi.

Kibao hicho kina kazi mbili, na kila moja ina kiungo chake. Chini ya uso wake laini kuna wavu wa nyuzi nyembamba zenye chaji ndogo ya umeme. Kidole kinapokaribia hubadilisha chaji hiyo, na kompyuta hutambua kidole kilipo na kinakoelekea. Kubofya kwa kubonyeza ni jambo jingine: chini ya kibao, karibu na ukingo ulio upande wa mtumiaji, kuna swichi ndogo. Katika kompyuta nyingi kibao kimeshikwa upande wa juu, mfano wa mlango kwenye bawaba zake. Ndiyo maana ukibonyeza karibu na kibodi hakibonyei, hata kiwe kizima kabisa. Zipo kompyuta za namna nyingine, zikiwemo MacBook nyingi za tangu mwaka 2015, ambazo kibao chake hakishuki hata kidogo. Mtumiaji huhisi mtikisiko tu, na kompyuta ikizimwa mtikisiko huo hautokei. Hilo si kosa.

Basi swali la kwanza ni hili: je, mshale unatembea?

Ikiwa hautembei, huenda kibao kimezimwa. Tazama safu ya juu ya kibodi, utafute kitufe chenye picha ndogo ya kibao, mara nyingi kikiwa na mstari uliokikata. Kibonyeze pamoja na kitufe cha Fn. Kagua pia matundu ya USB: kipokezi kidogo cha kipanya kisicho na waya kikisahaulika humo, kompyuta inaweza kudhani kipanya kipo na kukizima kibao, ikiwa mipangilio yake inaelekeza hivyo.

Ikiwa mshale unatembea lakini kubofya hakukubali, tofautisha kugusa na kubonyeza. Katibu wetu alikuwa akigusa kwa ncha ya kidole, kama alivyozoea katika simu. Nilimwomba abonyeze kwa nguvu kidogo pembe ya chini, kushoto. Fomu ikaenda. Mjukuu wake alikuwa ameichezea mipangilio, akazima ubofyaji wa kugusa bila kujua.

Kuurudisha hakuhitaji kubofya popote. Katika kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika neno touchpad, kisha Enter. Ukurasa wa mipangilio ya kibao utafunguka. Tumia kitufe cha Tab kusogea hadi kwenye mstari unaohusu kugusa kwa kidole kimoja, na kitufe kirefu cha nafasi kuwasha. Katika ukurasa huo huo kuna kiwango cha wepesi wa kuhisi. Wenye vidole vikavu na vigumu kwa kazi ya jembe, kamba au makasia wachague kiwango cha juu, kwa kuwa ngozi ngumu haibadilishi chaji kwa urahisi kama ngozi laini.

Jaribio linalofuata ni la umeme. Chomoa chaja, utumie kompyuta kwa betri peke yake kwa dakika chache. Kibao kikirejea katika hali njema, kosa limo katika chaja au umeme unaoingia. Chaja isiyo na waya wa ardhi, au invata ya umeme wa jua isiyotoa umeme safi, huweza kuuvuruga wavu ule wa chaji, mshale ukaruka au kubofya kukapotea. Nimeona watu wakibadilishiwa kibao kizima kwa kosa la chaja.

Kisha usafi. Mkono uliotoka kukuna nazi au kuparuza samaki huacha mafuta na unyevu juu ya kibao. Zima kompyuta, ufute kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo sana, wala usimwagie kitu chochote. Maji ya bahari ni habari nzito zaidi, kwa kuwa chumvi hubaki ndani baada ya maji kukauka, ikavuta unyevu wa hewa na kula metali taratibu. Iliyorushiwa maji ya bahari izimwe papo hapo, isichajiwe, ipelekwe kwa fundi aisafishe ndani. Kuifukia katika mchele hakuiondoi chumvi. Wanaovuka kutoka Jibondo, Juani au Chole waifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopenya maji, hata siku ambayo bahari imetulia.

Sababu ya mwisho naiandika kwa uzito, kwa sababu imenipata mwenyewe. Kibao cha kompyuta yangu ya nyumbani kilianza kuwa kigumu. Nikawa nabonyeza kwa gumba, kila wiki kwa nguvu zaidi, nikidhani swichi imechoka. Siku moja niliiweka mezani ikayumba kama kiti chenye mguu mfupi. Ndipo nilipoelewa kwamba betri ilikuwa imevimba, inakisukuma kibao kutoka chini hata swichi ikakosa nafasi ya kushuka. Katika kompyuta nyingi betri hukaa chini au kando ya kibao, hivyo kibao kigumu huweza kuwa dalili ya mapema ya hatari hiyo. Nilikuwa nikiikandamiza betri ya lithiamu iliyoharibika, na betri ya aina hiyo ikitoboka au kubanwa huweza kuwaka moto.

Ukiona kibao kimeinuka, kifuniko hakifungi sawasawa au kompyuta inayumba juu ya meza iliyonyooka, zima, chomoa chaja, usiibonyeze tena. Iweke juu ya sakafu ya saruji, mbali na makuti, nguo na mkeka. Usiitoboe betri hiyo, usiichome, usiitupe jalalani wala baharini. Fundi aitoe hapa hapa kisiwani kabla ya safari yoyote, maana betri iliyoharibika hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege, na kuichanganya na mizigo ndani ya boti ni kuwahatarisha abiria wote. Mwambie fundi akuonyeshe betri aliyoitoa. Mara nyingi betri ikibadilishwa kibao hubofya tena bila kuguswa.

Kosa likiwa si la betri wala la maji, na siku ya mwisho imefika, fomu bado inaweza kutumwa. Kipanya cha waya cha kuazima kinatosha. Kikikosekana, Tab itakusogeza kutoka kisanduku hadi kisanduku, Shift pamoja na Tab itakurudisha nyuma, kitufe cha nafasi kitatia alama ya tiki, na mishale ya kibodi itachagua jina la kata na kijiji katika orodha. Angalia mstari mwembamba unaozunguka sehemu uliyofika. Ukikizunguka kitufe cha kutuma, bonyeza Enter mara moja tu, na usubiri ujumbe wa kupokelewa kabla ya kuifunga kompyuta.