Mirathi ya Singida, mrithi yuko Marekani: anza na thamani ya siku ya kifo

Mtanzania anayeishi Marekani anapofiwa na mzazi Singida, jambo la kwanza analouliza kuhusu urithi ni kiasi cha kodi atakachokatwa. Naamini swali hilo humpotosha. Tanzania haitozi kodi ya urithi, na Marekani haihesabu urithi wenyewe kuwa mapato ya mrithi. Mzigo uko kwenye kutoa taarifa na kwenye kuuza, na kote kuwili hukumu hutegemea tarakimu moja: thamani ya mali siku marehemu alipofariki. Itafute mapema, kwa sababu kadiri miaka inavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kuthibitisha kiwanja kilikuwa na bei gani.

Utaratibu wenyewe huanzia nyumbani. Pata cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, ukoo ukae kikao na kupendekeza msimamizi wa mirathi, kisha maombi yapelekwe mahakamani; mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu huanzia Mahakama ya Mwanzo. Hapo mwite mthamini aliyesajiliwa, naye aandike waziwazi kwamba thamani ya nyumba ya Singida mjini au ya shamba la alizeti kule Iramba ni ya tarehe ya kifo, si ya siku alipokagua. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, huichukua thamani hiyo kuwa gharama ya mrithi: akiuza, faida huhesabiwa kuanzia hapo, hata kama mzazi alinunua kwa bei ndogo miaka ya 1980. Risiti za ujenzi za marehemu nazo zitunzwe, kwa kuwa mamlaka ya mapato ya Tanzania, TRA, ina hesabu yake ya faida ya mauzo.

Wapo wanaosema kujaza fomu ni kujichongea. Fomu 3520, inayomhusu raia wa Marekani au mwenye green card aliyepokea zaidi ya dola 100,000 za urithi kutoka nje kwa mwaka, ni ya taarifa tu na haidai kodi. Kinachogharimu ni kunyamaza, maana adhabu yaweza kufika asilimia 25 ya urithi. Wengine husema ndugu ni wengi na fungu la kila mmoja ni dogo. Ni kweli, na aliye chini ya kiwango hicho hadaiwi fomu hiyo. Lakini akiwa yeye ndiye msimamizi mwenye saini kwenye akaunti ya mirathi, na salio la akaunti zake za nje kwa jumla likapita dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, anatakiwa kutoa FBAR, yaani taarifa ya akaunti za benki za nje, ijapokuwa fedha ni za ndugu wote.

Hoja ya gharama ya mthamini ina uzito, hasa kwa shamba dogo ambalo ukoo hauna nia ya kuliuza. Hata hivyo nia ya leo haizuii mauzo ya kesho. Na aliyechukua uraia wa Marekani amuone wakili kabla jina lake halijaingia kwenye hati: Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inambana asiye raia. Thamani, hati za mahakama na taarifa za benki zikae katika jalada moja, na kila mrithi apewe nakala.