Kuliuza Gari Ulipendalo

Ndugu zetu, gari la Kijapani Mazda MX-5, lililotoka mwaka 1989, lina viti viwili tu. Kiti cha mtoto mchanga, kielekeacho nyuma, ni hatari kukiweka mbele ya mfuko wa hewa usiozimwa. Ukifumuka waweza kumwua. Basi baba huliuza, na twaona afanya sawa, ijapokuwa moyo wamwuma. Lililo zito ni bei. Springi alizozifupisha na injini aliyoizidisha nguvu yeye avihisabu kuwa ni mali. Mnunuzi huenda akaviona ni aibu. Na sharia yetu yamlazimu muuzaji kuibainisha aibu aijuayo. Basi na amweleze kila alichokigeuza, hata kama atapunguziwa.