Mzazi Aitwe Kabla Mpango Haujaandikwa

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) uanze mwaka 2002, kamati ya shule nchini Tanzania ina akaunti ya benki, ruzuku na sauti katika matumizi. Hata hivyo, katika shule nyingi mpango wa mwaka huzaliwa kwa namna ileile: mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wa kamati, anauandika ofisini, kikao kinaitwa, unasomwa, wajumbe wanaulizwa kama kuna swali, sahihi zinawekwa. Mzazi asiye mjumbe anakutana na mpango huo siku anapotajiwa kiasi cha mchango. Tunavyoona sisi, kuongeza vikao hakutaondoa kasoro hiyo, kwa kuwa inatokana na wakati mzazi anapoitwa. Anaitwa kupitisha, wakati alipaswa kuwapo matatizo yalipokuwa yakitajwa na kupangwa lipi litangulie.

Ushahidi ulio karibu nasi unatoka Uganda, ambako watafiti walifuatilia shule 100 za msingi za serikali vijijini. Baadhi ya kamati zilipewa kadi ya tathmini iliyokwisha kutungwa na wataalamu, zikatakiwa kuijaza tu. Nyingine zilianza kwa kujadili zenyewe zinataka nini kwa shule yao, kisha zikachagua mambo ya kufuatilia. Kadi ya wataalamu haikuleta mabadiliko ya maana. Ile iliyotungwa na kamati ilipunguza utoro wa walimu na wanafunzi, na alama za mitihani zikapanda. Matokeo haya yanastahili kutafakariwa bila haraka, kwani kwenye karatasi huenda kadi ya wataalamu ndiyo ilikuwa bora zaidi. Lakini mjumbe aliyependekeza kwa kinywa chake kwamba walimu wawahi kipindi cha kwanza ana sababu ya kupita shuleni asubuhi kuangalia, na mwalimu aliyekuwapo kikaoni hawezi kudai kuwa sharti hilo limeletwa na wageni.

Kamati pekee nayo haitoshi. Utafiti wa Indonesia, katika shule 520 za kisiwa cha Java, ulionyesha kuwa ruzuku na mafunzo kwa kamati vilileta mabadiliko madogo, ilhali vikao vya pamoja kati ya kamati na baraza la kijiji viliinua matokeo ya somo la lugha. Kwetu sababu yake si ngumu kuiona. Mwanafunzi anayekosa shule siku ya gulio, kivuko kinachozolewa na mafuriko, shamba la kulisha jiko la shule: hayo yote yako mikononi mwa serikali ya kijiji, ambayo ina sheria ndogo na mkutano mkuu wa wananchi. Mwalimu mkuu hana amri juu ya gulio.

Kuna wanaosema wazazi wengi hawakusoma vya kutosha kupanga elimu. Hakuna anayewaomba watunge mtaala. Wanachokijua, yaani mtoto anaamka saa ngapi, anakula nini, kwa nini binti hukosa siku kadhaa kila mwezi, ndicho kinachokosekana ofisini. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kamati hutekwa na wachache wenye nguvu. Hatari hiyo ni ya kweli. Huko magharibi mwa Kenya, kamati zilipopewa fedha za kuajiri walimu wa mkataba, baadhi ya nafasi zilikwenda kwa ndugu wa walimu waliokuwapo. Kamati zilizopata mafunzo ya usimamizi zilipunguza upendeleo huo. Kwa hiyo dawa ni kuifunza kamati na kufanya mambo hadharani, kwa maana mpango unaoandikwa na mtu mmoja umetekwa tangu mwanzo.

Wapo pia wanaoogopa kuwa ushirikishwaji ni jina jipya la michango. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni. Ndiyo maana kikao cha kwanza na wazazi kisitaje fedha kabisa. Tena fedha peke yake haifundishi: katika majaribio ya KiuFunza yaliyohusisha shule 350 za Tanzania, shule zilizopewa ruzuku ya ziada bila jambo jingine hazikupandisha ufaulu.

Wakati unaofaa kuwaita wazazi ni Oktoba, kwa kuwa halmashauri huandaa bajeti miezi kadhaa kabla ya Julai Mosi, na mpango unaochelewa hukuta mafungu yamekwisha kugawanywa. Kikao kifanyike siku isiyo ya gulio, walimu, wazazi na mwenyekiti wa kijiji wakiwapo, na akina mama waketi kwanza peke yao ili nao wasikike. Yachaguliwe matatizo matatu tu. Kila moja liandikiwe jina la mtu atakayelisimamia na tarehe ya kutoa taarifa, kisha karatasi hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo, shuleni na ofisi ya kijiji.