Mafuta ya moteri: minerali ao sintetiki?



Koperative nyingi ziko na motokari moja tu. Hiyo ndiyo inashusha maharagi na viazi toka milimani mpaka soko ya mji. Moteri yake ikikufa wakati wa mavuno, viazi vinaoza katika depo na wanunuzi wanakwenda kwa wengine. Kwa hiyo leo tunajifunza juu ya mafuta ya moteri. Swali ni hili: tununue mafuta ya kawaida, yanayoitwa minerali, ao ya sintetiki yenye bei kali?

Jibu kwa ufupi: tununue yale ambayo kitabu cha motokari kinaomba, na tuyabadilishe kwa wakati. Sasa tuone sababu.

1. Kazi ya mafuta

Ndani ya moteri kuko vyuma vinavyosuguana maelfu ya mara kwa dakika. Mafuta yanakaa katikati yao kama ngozi nyembamba ili visikulane. Tena yanaondoa joto, yanazuia kutu, na yanabeba masizi. Ndiyo maana katika moteri ya mazuti mafuta yanakuwa meusi haraka kisha vidanji. Weusi peke yake hauonyeshi kwamba yameharibika. Tuhesabu kilometre, tusihesabu rangi.

2. Tofauti iko wapi

Mafuta ya minerali yanatoka katika petroli ya ardhini, inayosafishwa tu. Ya sintetiki yanatengenezwa kiwandani kwa kazi ya kemia, ili chembe zake zifanane. Semi-sintetiki ni mchanganyiko wa hayo mawili.

Sintetiki iko na faida tatu: inatiririka vizuri kwa baridi kali, inavumilia joto kubwa, na haizeeki haraka. Faida ya kwanza inasaidia sana Ulaya, kule maji yanaganda wakati wa baridi. Hapa kwetu Goma, Bukavu ao Butembo, asubuhi kuko baridi lakini maji hayagandi. Kwa hiyo faida hiyo haitupatii kitu kikubwa. Faida ya joto ni ya kweli hata kwetu, zaidi kwa moteri yenye tirbo. Tirbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100 000 kwa dakika, na inakuwa ya moto sana motokari ikipanda mlima na mzigo.

3. Kusoma bido

Tuchukue mfano wa 15W-40. Namba ya mbele, yenye W, inaonyesha namna mafuta yanatiririka kwa baridi: ikiwa ndogo, yanatiririka vizuri zaidi. Namba ya nyuma inaonyesha uzito wake moteri ikiwa ya moto. Mara nyingi 15W-40 ni minerali, na 5W-30 ni sintetiki.

Kisha tutafute herufi API. Herufi S ni ya moteri za benzini, C ni ya mazuti. Herufi inayofuata inaonyesha kizazi cha mafuta. Kwa mfano, CI-4 ni mapya kuliko CF-4 na yanaweza kushika nafasi yake.

4. Tufanye hesabu

Bei hizi ni za mfano tu. Kila koperative iweke za soko yake. Tuseme moteri inachukua litri 6, minerali ni dola 4 kwa litri, sintetiki dola 9, filtri ya mafuta dola 5.

Minerali, vidanji kila kilometre 5 000: dola 29 kwa mara moja. Kwa kilometre 20 000 ni dola 116.
Sintetiki, kila kilometre 10 000: dola 59 kwa mara moja. Kwa kilometre 20 000 ni dola 118.
Sintetiki, kila kilometre 5 000: dola 236.

Tunaona kwamba sintetiki inalingana na minerali kama tu inakaa mara mbili zaidi. Lakini vitabu vingi vya motokari vinasema: kwa njia ya vumbi na mizigo mizito, punguza kilometre, mara nyingi mpaka nusu. Vumbi likipita filtri ya hewa, linaingia katika mafuta na kusugua vyuma kama msasa. Sintetiki nayo haiwezi kulifukuza. Kwa hiyo anayenunua sintetiki na kuchelewesha vidanji katika njia zetu anapoteza franga, na anaweza kupoteza moteri.

5. Namna ya kuchagua

Moteri ya zamani, bila tirbo: minerali 15W-40 nzuri inatosha, kama kitabu kinakubali. Franga iliyobaki inunue filtri ya mafuta na ya hewa.
Moteri mpya ao yenye tirbo, kitabu kikiomba sintetiki: tununue sintetiki, bila kubishana.
Moteri inayokunywa mafuta: kwanza fundi atafute sababu. Mafuta ya bei kali hayaponyeshi moteri.
Pikipiki: mafuta yake yanapita pia katika ambriyaji, na mafuta mengine ya motokari yanaifanya iteleze. Tutafute alama JASO MA.

Watu wengine wanasema kwamba ukishaweka sintetiki huwezi kurudia minerali. Si kweli. Njiani mafuta yakipunguka, unaweza kuongeza ya aina ingine yenye namba na API inayofaa, kuliko kuendelea bila mafuta.

6. Tuchunge ya uongo

Kuko watu wanaochuja mafuta yaliyokwisha kutumika na kuyauza katika bido la jina kubwa. Tuangalie kama kifuniko hakijafunguliwa, tununue mahali wanatoa fakture, na tutoboe mabido yetu matupu kabla ya kuyatupa. Mafuta ya zamani yasimwangwe shambani wala mtoni, sababu yanaharibu udongo na maji. Tuyaweke katika bido lenye kifuniko, mbali na watoto, mpaka garaji inayoyakusanya iyachukue.

Kazi ya wiki hii katika kikundi

Shofere alete kitabu cha motokari mbele ya komite. Tuandike katika kaye: mafuta gani kinaomba, vidanji ya mwisho ilifanywa kwa kilometre ngapi, na ifuatayo itakuwa lini. Mtunza sanduku aanze kuweka pembeni kiasi kidogo kwa kila safari, ili siku ya vidanji ikifika franga iwe tayari. Mwishoni tujiulize: nani anapima mafuta kila asubuhi mbele ya kuwasha moteri? Kama hakuna jina, tuchague mtu leo.